Kitalu cha Padri Kajetani

Mara ya kwanza niliitwa kutazama kiyoyozi.
Ruwi, mwezi wa Julai, saa nane mchana,
geti linaunguza kiganja kama kikaango.
Akanifungulia mzee wa Kigoa, kanzu imemfupia,
miguuni sandali za mpira.
Nikafungua mashine, nikajisemea kwa Kiswahili:
"Kimekufa hiki."
Nyuma yangu sauti ikajibu:
"Hakijafa, bwana. Kimezimia."

Alikaa Mahenge miaka kumi na mmoja.
Kiswahili chake cha milimani, *r* na *l* zikipeana viti;
changu cha Kiponda, alichokuja nacho mama
kimefungwa pembeni mwa kanga.
Tukawa na lugha moja watu wawili:
mmoja ameambiwa amerudi kwao,
mwingine hajaambiwa hivyo popote.

Nyuma ya kanisa palikuwa na stoo ya viti vibovu.
Humo ndimo alimoanzisha seminari.
Meza moja, ubao niliomkatia kutoka kasha la kompresa,
na wanafunzi wanne, wakitoka zamu:
mchomeleaji wa Kollam, macho mekundu;
mpishi wa Negombo, vidole vyanuka kitunguu;
Mfilipino mmoja wa maabara, mpole, jina limenitoka;
na Prosperi wa Kibosho, dereva wa tangi la maji,
aliyesinzia juu ya Kilatini
mate yake yakafuta nomino nzima.

Adhana ya isha ikilia, Padri alifunga kitabu,
akanitandikia mkeka ukumbini, akasubiri nimalize.
Hakuniuliza la dini. Sikumuuliza.
Ila siku moja: "Hiyo seminari, maana yake nini?"
"Kitalu," akasema. "Mahali pa miche."
Nikatazama nje. Saruji. Mawe.
Mlima mweusi usio na jani hata la kusingizia.
"Padri, hapa?"
Akaniuliza maji ya kiyoyozi huenda wapi.

Kesho yake nikakuta ndoo ya rangi chini ya bomba,
na makopo ya maziwa, saba, yamejaa udongo
na mbegu za papai alilolila kwa chakula cha asubuhi.
Babu yangu, kule Izki, aligombea zamu ya falaji
akihesabu nyota usiku kucha.
Huyu mto wake ulitoka kwenye mashine yangu,
tone, tone, tone.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Yeye hakungoja kupewa: alilinunua Matrah,
riali tatu na baisa mia mbili, risiti akaitunza.
Akabaki mgeni miaka ishirini na tisa,
kadi ya ukaazi ikihuishwa kila baada ya miaka miwili
kama dozi.
Mpaka dirishani wakamwambia: umri, baba.

Nilimpimia sanduku kwa mizani ya nyumbani.
Kilo mbili zimezidi.
Akatoa kamusi ya Kilatini. "Chukua."
"Sisomi hii."
"Basi zuilia mlango."
Unazuia mpaka leo.

Katika wale wanne, mmoja tu alipata upadri:
msinziaji.
Ndiye aliyenitumia ujumbe, mwaka juzi.
Nilikuwa juu ya paa, Al Khuwair, bomba la gesi mkononi.
*Mzee wetu amezikwa Margao. Mvua ilikuwa kubwa.*
Nikakaa chini, palepale kwenye lami ya moto,
sikuinuka upesi.

Jioni nikapita Ruwi. Stoo imerudia viti.
Kiyoyozi kipya, si kazi yangu, bomba limeelekezwa mtaroni.
Mipapai? Mlinzi akasema ilikatwa,
ilikuwa ikichafua ukuta.
Nikatoa bisibisi mfukoni,
nikaligeuza bomba, lidondoke pale palipokuwa na shina.
Sijui chini pana nini.
Mimi ni fundi tu.